Kindi Aliyepanda Juu Mno

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mpanda ngazi hushuka. Mpenzi msomaji, methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi hadi ikachakaa kama kandambili kuukuu, lakini mimi sikuielewa sawasawa mpaka niliposoma maisha ya Mfaransa mmoja aliyeitwa Nicolas Fouquet. Jina lake hutamkwa Fuke, msije mkajing'ata ulimi bure.

Nilikutana naye kwa njia ya picha. Katika kitabu kimoja cha zamani nilichokiazima, mlikuwa na picha za makasri ya mashambani ya Ufaransa, yale majumba makubwa ya mawe ambayo wafalme na matajiri walijenga mbali na mji. Picha moja ilionyesha ukumbi wenye umbo la yai, uliofunikwa na kuba kubwa. Kuta zake zimepambwa kwa nakshi na sanamu. Lakini kitabu kilieleza kwamba kule juu ya kuba, mahali palipotengwa kwa mchoro mkubwa kuliko yote, mchoro wenyewe haukuwahi kupakwa. Nikashika tama. Mtu anawezaje kujenga nyumba kama hii halafu asimalize dari ya ukumbi wake mkuu? Pesa zilimwishia? Kumbe jibu la swali hilo ndilo maisha yake yote.

Nicolas Fouquet alizaliwa mjini Paris tarehe 27 Januari 1615. Babake, François Fouquet, alikuwa mtu wa sheria aliyemtumikia mfalme. Mamake, Marie de Maupeou, alikuwa mama mcha Mungu aliyejulikana mjini kwa kuwatibu maskini kwa dawa alizozitengeneza mwenyewe. Mkumbukeni mama huyu, maana tutakutana naye tena. Kijana Nicolas alisomeshwa na mapadre Wajesuiti, akawa na akili kama wembe, akafuata sheria kama babake. Mwaka wa 1641, akiwa na miaka 26 tu, alinunua shamba mahali panapoitwa Vaux, karibu na mji wa Melun, kama kilomita 55 kusini-mashariki ya Paris. Wakati huo palikuwa na jumba la kawaida tu. Hakuna aliyejua yatakayotokea hapo.

Siku hizo Ufaransa ilikuwa na desturi ambayo kwetu sisi inashangaza. Vyeo vya serikali viliuzwa, tena hadharani, wala haikuwa siri wala aibu. Mwaka wa 1650 Fouquet alinunua cheo cha mwendesha mashtaka mkuu katika mahakama kuu ya Paris. Cheo hicho kilikuwa ngao. Aliyekuwa nacho, akishtakiwa, alikuwa na haki ya kuhukumiwa na wenzake wa mahakama hiyo na si na watu wengine waliookotwa. Ngao hiyo pia mwiweke akilini.

Mfalme alikuwa Louis wa 14, lakini bado alikuwa mtoto. Nchi iliongozwa na mamake, Anne wa Austria, pamoja na waziri mkuu, Kardinali Mazarin. Kati ya mwaka wa 1648 na 1653 wakuu wa nchi na mahakimu waliasi. Mazarin alifukuzwa, akakimbilia ng'ambo. Wengi waliokuwa wakimramba miguu walimgeuka. Fouquet hakumgeuka. Alibaki Paris akimtetea na kulinda mali yake. Basi Mazarin aliporudi na nguvu zake, alimkumbuka. Mwaka wa 1653 Fouquet alifanywa msimamizi mkuu wa hazina ya Ufaransa, akishirikiana na bwana mwingine aitwaye Abel Servien. Servien alipoaga dunia mwaka wa 1659, Fouquet akabaki peke yake juu ya mfuko wote.

Hapa lazima nieleze jambo, kwani bila hilo hatutamtendea haki. Mfuko wenyewe ulikuwa mtupu! Ufaransa ilipigana na Uhispania tangu mwaka wa 1635 hadi 1659, na vita hula pesa kuliko moto unavyokula nyasi kavu. Mwaka wa 1648 serikali ilishindwa kulipa madeni yake, na tangu hapo matajiri hawakutaka kumkopesha mfalme tena. Nani amkopeshe mtu asiyelipa? Lakini Fouquet walimwamini. Kwa hivyo alikopa kwa jina lake mwenyewe, akaweka mali yake na ya mkewe rehani, kisha akaipa serikali. Kodi zilipokusanywa, alijilipa. Tena kodi zenyewe zilikodishwa kwa matajiri, ambao walilipa kwanza halafu wakaenda kuwakamua wakulima ili warudishiwe pesa zao na faida juu. Katika mchanganyiko huo, nani angeweza kusema shilingi hii ni ya serikali na hii ni ya Fouquet? Hata yeye sidhani alijua. Ninachojua mimi ni kwamba mkono ukipitisha asali kila siku, haukosi kulambwa.

Naye Fouquet aliulamba. Alipenda vitu vizuri kupita kiasi. Katika nyumba yake ya Saint-Mandé, karibu na Paris, alikuwa na maktaba ya vitabu vipatavyo 27,000. Aliwalipa waandishi na washairi ili wafanye kazi zao bila njaa. Mmoja wao alikuwa La Fontaine, yule ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa hadithi zake za wanyama. Mwaka wa 1658 alinunua hata kisiwa kizima, Belle-Île, akakijengea ngome. Jamani, mtumishi wa serikali mwenye kisiwa na mizinga! Hapo maadui zake walipata neno la kusema.

Nembo ya ukoo wake ilikuwa kindi, kwa kuwa katika lahaja fulani ya Kifaransa neno fouquet lilikuwa na maana ya mnyama huyo. Chini ya kindi kulikuwa na maneno ya Kilatini yaliyouliza ni wapi huyu asipoweza kupanda. Nadhani wasomaji wameanza kuona tunakoelekea.

Mnamo mwaka wa 1656 Fouquet alianza kujenga kasri lake kule Vaux, ambalo leo laitwa Vaux-le-Vicomte. Aliwaita mafundi watatu. Mjenzi alikuwa Louis Le Vau. Mchoraji alikuwa Charles Le Brun. Mtu wa bustani alikuwa André Le Nôtre. Kila mmoja alikuwa bingwa katika kazi yake, lakini Fouquet ndiye aliyewaweka pamoja kwenye kazi moja kubwa, wakapatana kama chanda na pete. Mamia kwa maelfu ya vibarua walichimba na kusawazisha ardhi, wakageuza maji yafuate njia waliyotaka wao. Mwaka wa 1658 kilifunguliwa kiwanda katika kijiji cha Maincy, jirani na hapo, cha kufuma vitambaa vizito vya picha vya kufunika kuta.

Hebu fuatana nami tuingie ndani, maana mwenyeji wetu alipenda sana wageni. Tunavuka daraja juu ya handaki la maji linalozunguka kasri. Zamani mahandaki hayo yalichimbwa kuzuia adui, lakini hapa ni pambo tu, maji yametulia kama kioo na kasri linajitazama humo. Tukifika mlangoni tunashangaa, kwani macho yanapita moja kwa moja katikati ya nyumba hadi bustanini upande wa pili. Ni kama nyumba imetobolewa ili mwanga upite.

Ndani ndiko kwenye ule ukumbi wa umbo la yai. Kutoka sakafuni hadi kileleni ni kama mita 18, nafasi ya kusimamisha mnazi mrefu bila makuti yake kugusa juu. Le Brun alikuwa amepanga kuichora kuba hiyo yote, aonyeshe jumba la jua pamoja na miungu ya hadithi za kale. Tutarudi hapo.

Pembeni kuna vyumba vya kila namna. Kuna chumba cha kulia, na kasri hili ni mojawapo ya majumba ya kwanza Ufaransa kuwa na chumba kilichotengwa kwa chakula tu. Msicheke, kwani zamani hizo hata wakuu walitandikiwa meza popote walipotaka kula, kisha meza ikaondolewa. Kuna chumba cha Muza, wale miungu wa kike wa sanaa, ambamo Le Brun alichora darini ushindi wa Uaminifu. Mchoro huo ulikuwa ujumbe. Fouquet alitaka kila aingiaye akumbuke kwamba wakati wa maasi yeye hakumgeuka mfalme. Halafu kuna chumba cha fahari kupita vyote, chenye dari ya nakshi za plasta zilizopakwa dhahabu pamoja na michoro. Hicho hakikuwa chake. Alikiandaa kwa ajili ya mfalme, endapo siku moja angekuja kulala. Ilikuwa heshima ya kawaida kwa mtu mkubwa kumtengea mfalme chumba.

Tukitoka nyuma tunaikuta bustani. Hapa Le Nôtre aliyachezea macho ya watu. Mabwawa yaliyo mbali aliyafanya makubwa kuliko yaliyo karibu, ili ukisimama kwenye ngazi ya nyumba yaonekane karibu sawa na bustani ionekane fupi. Unaanza kutembea ukidhani utafika mwisho mara moja. Wapi! Unatembea, bustani inazidi kurefuka, na ghafla unakuta mfereji mkubwa wenye urefu wa karibu kilomita moja uliokuwa umefichika kabisa. Nafikiri Fouquet mwenyewe aliishi hivyo hivyo. Aliona mwisho wa safari yake u karibu na ni mzuri, asione kilichofichika katikati.

Kilichofichika kilikuwa mtu aitwaye Jean-Baptiste Colbert. Huyu alikuwa msimamizi wa mali ya Mazarin, mchapa kazi, mkimya, asiyecheka ovyo. Nembo yake ilikuwa nyoka. Naam, nyoka na kindi katika mti mmoja! Colbert alikitamani cheo cha Fouquet, na kwa muda mrefu alikuwa akikusanya hesabu na kunong'ona kwamba pesa za serikali zinaibiwa.

Mazarin alikufa tarehe 9 Machi 1661. Mfalme Louis alikuwa na miaka 22. Wote walitazamia amteue waziri mkuu mwingine, na Fouquet alijiona ndiye. Lakini mfalme aliwashangaza kwa kutangaza kwamba atatawala mwenyewe bila waziri mkuu. Fouquet hakuamini. Alidhani kijana atachoka na makaratasi, arudi kucheza dansi na kuwinda. Kumbe kijana hakuchoka kwa miaka 54 iliyofuata. Colbert naye alikuwa upande wake kila jioni, akimwonyesha hesabu za Fouquet na mahali zilipokosewa. Kufikia miezi ya katikati ya mwaka huo mfalme alikuwa amekwisha kata shauri la kumwangusha. Jambo hili wengi hawalijui. Husimuliwa tu kwamba karamu ndiyo iliyomponza. Karamu ilitia petroli, lakini moto ulikuwa umewashwa tayari.

Kwanza ilibidi avuliwe ngao. Fouquet alishawishiwa auze kile cheo chake cha mahakamani, akidokezewa kwamba bila cheo hicho ndipo atakapoweza kupanda zaidi. Kindi akasikia neno kupanda, masikio yakasimama. Aliuza, na sehemu kubwa ya pesa akampa mfalme kama zawadi! Ama kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo ikaja tarehe 17 Agosti 1661. Mfalme alitoka kasri la Fontainebleau, lililo kama kilomita 20 kutoka Vaux, akaja na mamake na msafara mkubwa. Malkia hakuja kwa sababu alikuwa mjamzito. Fouquet aliwatembeza bustanini, maji yakiruka kutoka chemchemi pande zote. Karamu ilisimamiwa na msimamizi mkuu wa nyumba, Vatel, na vyombo vya mezani vilimetameta wakati ambapo mfalme mwenyewe alikuwa ameyeyusha vyombo vya nyumbani kwake kugharamia vita. Kisha wakaenda chini ya miti kutazama mchezo mpya wa kuigiza wa Molière, alioutunga na kuufanyia mazoezi kwa siku 15 tu, ukichanganya maigizo na dansi kwa namna ambayo haikuwa imeonekana kabla yake. Kombe kubwa lilifunguka jukwaani, akatoka mwigizaji wa kike aliyewakaribisha wageni. Usiku ulipoingia fataki zililipuka juu ya mfereji, ambapo nyangumi wa kutengenezwa aliogelea akitema moto. Wageni walipodhani mambo yamekwisha na kuanza kurudi nyumbani, fataki nyingine zikafyatuka kutoka juu ya kuba yenyewe.

Mfalme alitazama yote. Inasimuliwa kwamba alitaka Fouquet akamatwe papo hapo, mamake akamzuia kwa kuwa si heshima kumkamata mtu ambaye umekula chakula chake. Usiku ule ule mfalme aliondoka kurudi Fontainebleau. Kile chumba cha dari ya dhahabu hakukilalia.

Siku 19 baadaye, tarehe 5 Septemba 1661, siku ambayo mfalme alitimiza miaka 23, Fouquet alikuwa katika mji wa Nantes kwa mkutano wa serikali. Alikuwa ameletwa kwa mashua kupitia mto Loire huku akitetemeka kwa homa. Alipotoka mbele ya mfalme, alifuatwa na ofisa wa askari wa bunduki aitwaye d'Artagnan, akaambiwa yuko chini ya ulinzi. Ndiyo, ni d'Artagnan yule yule ambaye baadaye aliingizwa katika riwaya maarufu. Alikuwa mtu halisi, na kwa zaidi ya miaka mitatu ndiye aliyemlinda Fouquet, naye alimtendea kwa heshima.

Mkewe alifukuzwa kwenda kuishi mbali, mjini Limoges, na watoto wakatenganishwa naye. Mamake mzee, alipopata habari, hakulia jinsi watu walivyotarajia. Alimshukuru Mungu, kwa kuwa siku zote alikuwa akiomba roho ya mwanawe iokolewe, na aliona kwamba njia ya wokovu wake ndiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye malkia aliugua sana, na inasimuliwa kwamba bandika iliyotengenezwa na mama huyo huyo ilimsaidia kupona. Alimpigia mfalme magoti amhurumie mwanawe. Mfalme hakulegea.

Kesi ilidumu miaka mitatu. Si mahakama ya kawaida iliyosikiliza, kwani ngao ilikwisha kuuzwa. Iliundwa mahakama maalumu, na waliomo waliteuliwa na wale wale waliotaka afe. Makaratasi yake yalichukuliwa na watu wa Colbert, na mengine yalichezewa. Alishtakiwa kwa kuiba pesa za serikali na kwa uhaini, kwa sababu nyuma ya kioo katika nyumba yake ya Saint-Mandé palikutwa karatasi aliyokuwa ameandika zamani, inayoeleza marafiki zake wafanye nini iwapo atakamatwa. Fouquet alijitetea mwenyewe. Aliuliza mbona hesabu za Mazarin hazifunguliwi. Swali hilo lilikuwa mwiba, maana Mazarin alikufa akiwa na mali kubwa kuliko mtu yeyote wa kawaida katika Ufaransa, kiasi cha livre milioni 35, ambayo ndiyo pesa ya siku zile. Na aliyeisimamia mali hiyo ni nani? Colbert! Ilhali Fouquet, hesabu zake zilipopigwa, alikuwa amezama katika madeni.

Sasa nifike kwa watu ambao kwangu mimi ndio mashujaa wa habari hii. Mmoja wa mahakimu wawili waliokabidhiwa kueleza kesi alikuwa Olivier Lefèvre d'Ormesson. Mfalme na Colbert walimfahamisha waziwazi wanachokitaka. Walimnyang'anya hata cheo kimoja ili ajue kwamba hawatanii. Yeye alisoma makaratasi yote, akapima, akasema Fouquet ana makosa ya fedha lakini hayastahili kifo. Mwezi wa Desemba 1664 mahakimu walipiga kura. 9 walitaka auawe. 13 walisema afukuzwe nchini. Watu wa Paris, ambao zamani walimlaani Fouquet kwa ajili ya kodi, walishangilia. D'Ormesson hakupandishwa cheo tena maishani mwake.

La Fontaine naye hakunyamaza. Aliandika shairi la kuomba huruma kwa rafiki yake, jambo ambalo lingeweza kumtia mashakani. Karani wa Fouquet aitwaye Pellisson alifungwa gerezani Bastille, na humo humo gerezani aliandika utetezi wa bwana wake. Bibi mmoja mwandishi, Madame de Sévigné, alifuatilia kesi siku baada ya siku katika barua zake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawa walimfaa wakati ambapo hakuwa na karamu ya kuwapa.

Je, hukumu ilitekelezwa? La hasha. Kwa kawaida mfalme ana uwezo wa kupunguza adhabu. Louis aliiongeza. Badala ya kufukuzwa nchini, Fouquet alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Pignerol milimani Alps, ambayo leo ni Pinerolo nchini Italia. Alifika huko Januari 1665. Mwaka huo huo radi ilipiga ghala la baruti la ngome, watu wakafa, naye akatolewa hai katika kifusi. Alinyimwa kalamu na wino, akatengeneza wino kwa masizi na divai, akaandika kwa mfupa wa kuku juu ya leso zake. Walipogundua, wakamnyima leso. Baadaye alihudumiwa na mfungwa mwingine wa siri, Eustache Dauger, ambaye wengi huamini ndiye yule mtu maarufu wa barakoa. Mfungwa mmoja mkubwa, Lauzun, alitoboa tundu hadi chumbani kwake, wakawa wanaongea kama panya wawili.

Alikufa tarehe 23 Machi 1680, akiwa na miaka 65. Alikuwa amemaliza miaka 15 Pignerol, na ukijumlisha kesi, karibu miaka 19 kifungoni. Mwaka mmoja kabla, mkewe na watoto walikuwa wameruhusiwa kumtembelea.

Na kasri lake je? Mfalme alichukua vitambaa vya ukutani, sanamu na miti ya michungwa. Alichukua kiwanda cha Maincy, kikahamishiwa Paris. Zaidi ya yote alichukua wale mafundi watatu, Le Vau, Le Brun na Le Nôtre, akawapeleka Versailles, wajenge kitu kama Vaux lakini kikubwa mara nyingi zaidi. Ukumbi wa vioo wa Versailles una urefu wa mita 73 na vioo 357. Watalii wa dunia nzima humiminika huko, na wengi hawajui kwamba mbegu yake ilipandwa katika shamba la mtu aliyefia gerezani. Hata lile jua ambalo Le Brun alitaka kulichora kwenye kuba ya Vaux, mfalme alilifanya nembo yake mwenyewe tangu mwaka wa 1662. Huko Vaux kuba ilibaki hivyo hivyo. Mkewe Fouquet alirudishiwa nyumba, akaiuza mwaka wa 1705. Mwaka wa 1875 tajiri wa sukari, Alfred Sommier, aliinunua ikiwa imechakaa, akaitengeneza, na tangu mwaka wa 1968 imefunguliwa kwa watu wote.

Wenzangu, nilipoanza kusoma habari hii nilitaka kumwita Fouquet mwizi na kufunga kitabu. Kwamba alijitajirisha, sina shaka. Mawe yale na dhahabu ile vilitokana na jasho la wakulima wasioalikwa kwenye karamu. Lakini kama kosa lilikuwa wizi, mbona Mazarin alizikwa kwa heshima? Na kama fahari ilikuwa dhambi, mbona aliyemwadhibu alijenga fahari kubwa zaidi kwa kodi za wakulima wale wale? Nimeona kwamba Fouquet hakuadhibiwa kwa kuchukua. Aliadhibiwa kwa kung'ara mahali ambapo mmoja tu aliruhusiwa kung'ara. Sheria inayomkamata mwizi mmoja kwa sababu tu haendani na mkubwa si sheria, ni fimbo.

Kwa hiyo nikiulizwa ni nani wa kuigwa, sitamtaja kindi, wala nyoka, wala jua. Nitamtaja hakimu aliyesoma makaratasi yote na kusema alichokiona, akajua cheo kimekwenda na bado akasema. Hana kasri linalotembelewa na watalii. Lakini kila nikiikumbuka ile kuba isiyo na mchoro, namwona yeye. Wakubwa wawili waligombania jua, mmoja akalipoteza na mwingine akalichukua, na mtu mdogo kati yao akabaki na ukweli wake mikononi.

Mimi natua kalamu hapa.